Daktari Aliyetazama Ndani ya Koo: Maisha ya Chevalier Jackson

Katika kurasa zetu za Kiswahili tumezoea kusoma maisha ya wafalme, majemadari na wasafiri. Safari hii nimeona vema niwaletee habari za mtu ambaye hakuteka nchi wala hakuvumbua mto. Kazi yake yote ilikuwa mahali pembamba kuliko kalamu ninayoandikia, yaani ndani ya koo la mtoto mdogo. Jina lake ni Chevalier Jackson, daktari wa Marekani. Alizaliwa mwaka 1865, akafa mwaka 1958.

Wengi waliosikia habari zake humkumbuka kwa pini na sarafu alizozitoa katika vifua vya watoto. Habari hizo ni za kweli, nami nitazieleza. Lakini mimi ninayesoma biolojia na fizikia katika darasa la mwisho nimevutwa zaidi na kanuni aliyoifuata: kwanza tazama kwa macho yako, kisha ondoa kile kilichozidi tu, na njia ya pumzi uiache nzima. Kanuni hii haikufa pamoja naye. Hata leo madaktari wanaotibu vivimbe vya kooni mwa watoto kwa mwanga wa leza wanaishika, na anayeiacha humtia mtoto katika taabu.

Jackson alizaliwa tarehe 4 Novemba 1865 katika mji wa Pittsburgh, nchi ya makaa ya mawe na viwanda vya chuma. Baba yake alishughulika na mifugo. Mtoto huyu alikuwa mdogo wa mwili na mpole, akapenda kuchora na kuchonga mbao kuliko kupigana. Kwa sababu hiyo wavulana wenziwe walimwonea sana. Katika kitabu cha maisha yake, alichokitoa mwaka 1938, ameeleza kwamba siku moja walimfunga macho, wakamtupa katika shimo la makaa lililoachwa, na pengine angalikufa humo kama mbwa asingalimgundua. Mateso hayo hayakumfanya mkali. Yalimfanya asiweze kuvumilia kuona kiumbe dhaifu akiteswa, awe mtoto au mnyama.

Mali ya baba yake ilipopungua, kijana alijitafutia ada mwenyewe kwa kupamba vyombo vya kioo na vya udongo kwa rangi. Hapo ndipo mikono yake ilipozoea kazi ndogo ndogo isiyotaka haraka. Aliingia chuo cha udaktari cha Jefferson huko Philadelphia, akafaulu mwaka 1886 akiwa na miaka ishirini tu. Kisha akavuka bahari kwenda London ili amwone Morell Mackenzie, daktari wa koo aliyesifika kuliko wote wakati ule. Mackenzie ndiye aliyekuwa ameandika mwaka 1871 kitabu kikubwa juu ya vivimbe vya kikoromeo, yaani pale mahali pa sauti. Wakati huo madaktari walitazama koo kwa kioo kidogo chenye mpini, kilichoingizwa nyuma ya ulimi. Kwa mtu mzima aliyetulia kioo kilifaa. Kwa mtoto anayelia na kujinyonganyonga, daktari aliona giza tu.

Basi Jackson akarudi Pittsburgh akifikiri jambo moja: kama kioo hakifai, lazima upatikane mrija ulionyoka, wenye taa, utakaomwezesha daktari kuona mpaka ndani. Mwaka 1890 alitengeneza chombo cha kutazamia umio, akatoa kwacho meno ya bandia yaliyokwama kwa mtu mzima, na sarafu kwa mtoto. Lakini furaha yake haikudumu. Madaktari wengine walikichukua chombo kama kile wakakitumia bila mazoezi, na wagonjwa wakaumizwa. Jackson aliona uchungu sana. Tangu hapo akashika neno kwamba chombo kizuri katika mkono usiofunzwa ni hatari kuliko kutokuwa na chombo.

Katika miaka ile alikuwa maskini, kwa kuwa wengi wa wagonjwa wake walikuwa maskini pia, watoto wa wachimba makaa na wa wafanyakazi wa viwandani. Wengi waliletwa kwa ajili ya magadi makali, yale tunayoyaita kostiki soda. Mama wa nyumbani walikuwa wakiyatumia kwa kupikia sabuni na kusafishia mifereji ya maji machafu. Yanafanana na sukari, na mtoto hajui. Akionja kidogo tu, umio huungua, kisha kovu hukaza na kuziba, hata mate yasipite.

Kuna kisa kimoja alichokikumbuka hata uzeeni. Aliletewa msichana mdogo aliyeungua hivyo, ambaye kwa siku kadhaa hata tone la maji lilikuwa halijampita kooni. Jackson alitia mrija, akaona donge la kijivu limeziba pale palipobana, akalitoa kwa koleo ndogo. Mtoto akapewa maji. Akameza funda moja polepole, akingoja yarudi kama siku zote. Hayakurudi. Akameza tena. Kisha akakisogeza kando kikombe alichoshikiwa na muuguzi, akaushika mkono wa daktari, akaubusu.

Mtu mwingine angaliridhika na busu lile. Jackson alijiuliza kwa nini sumu kama hiyo iuzwe dukani bila onyo lolote juu ya kopo. Akaanza kuandika na kuwasumbua wakubwa wa serikali mwaka baada ya mwaka. Wenye viwanda hawakupenda, naye hakuchoka. Mwisho, mwezi Machi 1927, Rais Calvin Coolidge alitia sahihi sheria iliyoamuru kwamba vitu vya kuunguza namna hii viandikwe neno la sumu, pamoja na maelezo ya kumsaidia aliyekunywa.

Sasa tuje kwenye njia ya pumzi yenyewe. Mtu wa kwanza kuingiza mrija katika matawi ya bomba la hewa la mtu aliye hai alikuwa Mjerumani Gustav Killian, aliyetoa kipande cha mfupa katika pafu la mkulima mmoja huko Freiburg mwaka 1897. Jackson aliifuata kazi ile akaiboresha. Kufika mwaka 1904 alikuwa na mrija wenye taa ndogo kabisa kwenye ncha yake ya mbele, na kijibomba cha kunyonya makohozi. Mwaka 1907 alitoa kitabu chake cha kwanza juu ya kazi hii, akachora mwenyewe picha zake.

Wale walioona akifanya kazi walistaajabia utulivu wake. Kabla ya kumgusa mtoto aliyemeza pini, alitafuta pini nyingine kama ile, akaitia katika mpira, akajizoeza kuitoa mpaka mkono umezoea. Alifunza wasaidizi wake mmoja mmoja, huyu wa kushika kichwa, yule wa kupokeza koleo, kila mtu na mahali pake. Mtoto aliyekuwa akihangaika kupumua hakumpa nusu kaputi, kwa sababu dawa ya usingizi ya siku zile iliweza kuizima ile pumzi kidogo iliyobaki. Alimfunga shuka, akafanya kazi kwa upesi na upole. Darasani aliandika na kuchora ubaoni kwa chaki za rangi, mkono wa kulia na wa kushoto pamoja. Pombe na tumbaku hakuzigusa.

Pengine msomaji atauliza kwa nini koo la mtoto mchanga lina hatari kubwa hivyo. Wenzangu, chukueni kalamu tupige hesabu. Chini kidogo ya nyuzi za sauti, njia ya mtoto mchanga ina upana wa milimita 4 hivi. Ikivimba milimita 1 tu pande zote, upana unabaki milimita 2. Eneo la duara hufuata mraba wa nusu kipenyo, kwa hiyo njia iliyobaki ni robo ya ile ya kwanza. Na wale waliosoma mwendo wa hewa katika mirija wanajua kwamba, hewa ikipita kwa utulivu, upinzani wake huongezeka mara 16 kipenyo kikipungua nusu. Sasa mchukueni mtu mzima mwenye njia ya milimita 16. Akivimba milimita 1 kama yule mtoto, anabaki na zaidi ya robo tatu ya njia yake. Huyu atakohoa tu, na yule atakufa.

Ndiyo maana kooni mwa mtoto hata uvimbe usio wa saratani ni adui. Uvimbe wa namna hiyo hausambai mwilini, haumli mtu. Ungekuwa begani au mgongoni, mama angeushona kanzu juu yake akausahau. Kosa lake ni mahali ulipoota tu.

Ziko aina mbili ninazotaka mzijue. Ya kwanza ni vinyama vinavyofanana na chunjua, vinavyoota juu ya nyuzi za sauti. Sauti ya mtoto hukauka, kilio chake hakisikiki vizuri, na baadaye pumzi hutoa mlio. Siku hizi tunajua kwamba huletwa na virusi vya papiloma vya binadamu, hasa aina ya 6 na ya 11, ambavyo mtoto aghalabu huvipata kwa mama wakati wa kuzaliwa. Ya pili ni uvimbe wa mishipa ya damu, unaokaa chini ya nyuzi za sauti. Mtoto huzaliwa akiwa mzima, kisha baada ya wiki chache au miezi michache huanza kupumua kwa mlio, na akipata mafua huzidiwa. Uvimbe huu hukua katika mwaka wa kwanza, halafu hunywea wenyewe polepole kwa miaka. Shida ni kumfikisha mtoto kwenye miaka hiyo akiwa hai.

Madaktari wengi wa zamani walipoviona vile vinyama vya chunjua walivikwangua mpaka ndani, wakidhani kwamba watavimaliza. Vinyama vilirudi vilevile, na juu yake mtoto akabaki na kovu na bila sauti. Jackson alifundisha kinyume. Alisema viondolewe kwa koleo juu juu, bila kujeruhi nyama nzima iliyo chini, na vikirudi viondolewe tena, hata mara nyingi, kwa kuwa mwisho huenda vikakoma vyenyewe, na siku hiyo mtoto lazima awe na koo lililo salama. Hii ilitaka subira kwa daktari na kwa wazazi pia.

Mtoto aliyezidiwa kabisa alitobolewa tundu shingoni na kutiwa kijibomba cha kupumulia. Hata hapa Jackson aliona kosa. Wengi walitoboa juu sana, karibu na kikoromeo, na baada ya kupona wagonjwa hawakuweza kuondolewa kijibomba, kwa kuwa kovu lilikuwa limeziba njia. Mwaka 1921 alichapisha habari za wagonjwa wengi wa namna hiyo, akaonyesha kwamba wengi wao walizibwa na mkono wa mganga kuliko ugonjwa. Akafundisha kutoboa chini zaidi, kwa utaratibu, na kumtunza mgonjwa usiku na mchana.

Mwaka 1916 alihamia Philadelphia kufundisha Jefferson, na baadaye alishika kazi za ualimu katika vyuo vingine vya mji huo. Toka mwaka 1935 mpaka 1941 alikuwa rais wa chuo cha udaktari cha wanawake, wakati ambapo vyuo vingi vilikuwa bado vinawadharau. Aliugua kifua kikuu zaidi ya mara moja, na kila alipolazwa aliomba karatasi akaandika kitandani. Vitu zaidi ya 2,300 alivyovitoa katika makoo na vifua, kama vifungo, pini, sarafu, mifupa na vitu vya kuchezea, alivitunza kila kimoja na habari za mgonjwa wake. Vimo mpaka leo katika jumba la makumbusho la Mütter huko Philadelphia. Alikufa tarehe 16 Agosti 1958, mwenye miaka 92.

Miaka miwili baada ya kifo chake, mwaka 1960, Theodore Maiman aliwasha leza ya kwanza huko Marekani. Mwaka 1964 Kumar Patel, mzaliwa wa India, akatengeneza leza ya hewa ukaa. Mwanga wake hauonekani kwa macho. Maji huunywa mara moja, na kwa kuwa chembe hai za mwili zimejaa maji, mahali mwanga ulipogusa chembe huchemka na kuwa mvuke, na vijishipa vidogo vya damu huzibwa palepale. Huko Boston, madaktari Strong na Jako waliufunga mwanga huo kwenye darubini ya kufanyia upasuaji, na mwaka 1972 wakatangaza kazi yao ya kutibu kikoromeo kwa njia hiyo. Mwaka 1980 daktari Healy na wenziwe wakaeleza jinsi walivyoutumia kuondoa uvimbe wa mishipa ya damu kwa watoto wachanga.

Fikirini tofauti yake. Koleo huziba nafasi ya kuonea, na damu hufunika kila kitu. Mwanga hauzibi kitu, na damu ni kidogo. Watoto ambao zamani wangeishi na tundu shingoni kwa miaka waliweza kurudi nyumbani wakipumua kwa pua zao.

Walakini leza haikuondoa haja ya kanuni ya mzee Jackson, bali iliifanya iwe kali zaidi. Daktari akichoma kwa kina, au akichoma duara zima kwa mara moja, kovu hukaza na njia huziba, yaani kosa lilelile la wale waliokwangua kwa koleo. Tena mwanga huu, ukikutana na mrija wa kupumulia wenye oksijeni, unaweza kuwasha moto ndani ya koo la mgonjwa. Kwa hiyo hutumika mirija maalumu, vitambaa vyenye maji, na oksijeni kwa kipimo.

Mwaka 2008 jambo jipya lilitangazwa kutoka Bordeaux, Ufaransa. Daktari Christine Léauté-Labrèze alimpa mtoto dawa ya moyo iitwayo propranololi, akaona uvimbe wa mishipa ya damu aliokuwa nao unafifia. Tangu hapo dawa hiyo imekuwa tiba ya kwanza ya uvimbe wa namna hii, na leza imebaki kwa wale ambao dawa haikuwatosha. Lakini isitolewe nyumbani kwa kubahatisha, maana huweza kushusha sukari katika damu ya mtoto na kupunguza mapigo ya moyo. Na kwa vile vinyama vya chunjua ipo chanjo yenye kinga ya aina ya 6 na 11, iliyoanza kutumika mwaka 2006. Nchi ya Australia iliyowachanja wasichana wake toka mwaka 2007 imeona ugonjwa huu ukipungua sana kwa watoto. Katika nchi zetu, chanjo ya virusi vya papiloma ilianza kutolewa kwa wasichana kote nchini Rwanda mwaka 2011, Uganda mwaka 2015, Tanzania mwaka 2018 na Kenya mwaka 2019, hasa kwa ajili ya saratani ya mlango wa kizazi.

Je, habari hizi zinatuhusu nini sisi? Naona mambo mawili. La kwanza ni kimeo. Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki mtoto akikohoa sana au akipumua kwa mlio, wazee husema ana kimeo, akapelekwa kukatwa. Kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya mdomo. Uvimbe ninaousimulia uko chini sana ya hapo, hata kisu hakiufikii. Mtoto hupoteza damu, pengine hupata pepopunda, na ugonjwa unabaki palepale. Huku ndiko kukata kabla ya kutazama. Basi mtoto mchanga anayepumua kwa mlio siku nyingi, au ambaye kilio chake kimekauka, apelekwe hospitali akatazamwe ndani ya koo. Na akianza kubonyea mbavu anapovuta pumzi, au midomo ikageuka rangi, hapo si jambo la kungoja kesho.

La pili ni kostiki soda. Shangazi yangu hupika sabuni, na kila mwezi naona sokoni magadi yakiuzwa katika chupa zilizokuwa za soda au za maji ya kunywa. Kwao kule Marekani kopo limeandikwa tangu mwaka 1927. Kwetu mtoto mwenye kiu huiona chupa aijuayo. Kila mmoja wetu anaweza kufanya kazi ya Jackson bila kuwa daktari: kukiweka kitu hicho juu, katika chombo ambacho hakuna mtu anayenywea, na kukiandika kwa herufi kubwa kwa lugha inayosomwa nyumbani.

Baadhi yetu wanaomaliza mwaka huu wanataka kusomea udaktari, na wamo wanafunzi wa zamani wa shule hii ambao tayari ni waganga na wauguzi. Kwao nasema kwa heshima kwamba maisha ya Jackson yanafaa kusomwa na kila anayeshika kisu. Alikuwa na mikono hodari, lakini hakuitumia mpaka macho yake yameona, wala hakuitumia kupita kiasi. Wengi wa wale aliowaponya walikuwa wadogo mno wasiweze kulikumbuka jina lake. Walipumua tu, wakakua.